Okidi Ikijaza Chungu: Namna ya Kuigawa Bila Kuidhoofisha

Chungu kikianza kupasuka, okidi yako imeshachelewa kuhamishwa. Kabla ya hapo mizizi ilikwisha toka kwenye matundu ya chini, ikapanda ukingoni, ikaning'inia nje. Mwenye ua anafurahi, maana kila anayepita barazani anasifia na kuomba mbegu. Na hapo ndipo okidi nyingi zinapoharibikiwa. Haziharibiki kwa kiu wala kwa jua, zinaharibika kwa ukarimu: mtu anachukua kisu cha jikoni, anatoa vipande vinane vya kugawia watu wanane, na miaka mitatu baadaye hakuna hata mmoja kati yao aliyeona ua.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza wanaloniuliza watu, yaani okidi moja igawanywe mara ngapi, ni hili: mara chache kuliko unavyotamani. Chungu kilichofurika hutoa vipande viwili, pengine vitatu. Wengine waambiwe wasubiri msimu mwingine.

Maelezo yanayofuata yanahusu hasa okidi-chui, ile ya maua ya njano yenye madoa ya kahawia, kwa sababu ndiyo ya kwetu na ndiyo inayotoa mizizi ya fujo kuliko zote. Jina lake la kitaalamu ni Ansellia africana. John Lindley, mtaalamu wa mimea wa Uingereza, aliipa jina hilo mwaka 1844 kwa heshima ya John Ansell, mtunza bustani aliyeikusanya katika kisiwa cha Fernando Po (leo Bioko, Guinea ya Ikweta) alipokuwa kwenye msafara wa Mto Niger wa mwaka 1841. Huku kwetu huota juu ya miti: mibuyu, mikoma na miti mingine yenye magome ya kushikika. Watu wengi huiona huko juu wakadhani ni kimelea. Si kimelea. Haiunyonyi mti hata tone, imeukalia tu ili ipate mwanga na upepo, na chakula chake inajitafutia yenyewe.

Inajitafutiaje? Itazame kwa karibu utaona aina mbili za mizizi. Ipo minene, myeupe, inayoshika gome la mti au ukuta wa chungu. Halafu ipo myembamba, iliyosimama wima kuelekea juu, mikavu na yenye ncha kama sindano, imesongamana kuzunguka shina. Hiyo ya pili ndiyo kapu lake: majani makavu, vumbi na kinyesi cha ndege vinadondokea humo, vinaoza polepole, na okidi inakula. Wanaoikuta mara ya kwanza hudhani ni miiba au mizizi iliyokufa, wakainyoa yote ili ua lipendeze. Usiinyoe. Kwenye chungu kapu hilo halina kazi kubwa kama porini, lakini ni mizizi hai, na kuiondoa yote kwa siku moja ni kuipa okidi jeraha lisilo na sababu.

Je, yako inagawika?

Si kila okidi inagawika. Funua sehemu ya chini, pale mmea unapogusa chungu. Ukikuta shina linalotambaa kwa ulalo, na juu yake zimesimama fimbo nyingi, moja baada ya nyingine, basi inagawika. Fimbo hizo ni mashina yaliyonenepa kwa kuhifadhi maji na chakula. Okidi-chui iko hivyo, na Dendrobium, Cattleya, Oncidium na Cymbidium pia.

Ukikuta shina moja tu linalopanda juu, majani yamepangana kulia na kushoto, hiyo haina pa kugawia. Mfano wake ni Phalaenopsis, ile ya majani mapana na maua yaliyotandaa kama vipepeo, inayouzwa kwenye maduka makubwa. Ikijaza chungu unaihamisha nzima. Ukiipasua katikati umeiua, na nimeshaulizwa zaidi ya mara moja kama kupaka kidonda mdalasini kutaifufua. Vanda nayo ina shina moja, ila ikirefuka sana unaweza kukata sehemu ya juu, mradi iwe na mizizi yake.

Okidi za ardhini, kama zile zinazofunika nyanda za Kitulo wakati wa mvua, ziachwe kabisa. Zinakaa juu ya viazi vidogo vilivyo chini ya udongo, hazina fimbo wala shina la kulala, na Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005. Viazi hivyo tayari vina matatizo yake: huchimbwa kwa wingi na kuuzwa Zambia, ambako hupikwa chakula kiitwacho chikanda.

Wakati: isikilize mizizi, si kalenda

Vitabu vingi vya okidi vimeandikwa kwa nchi zenye majira ya baridi, na vinasema gawa mwezi Machi. Ukifuata hivyo Dar es Salaam au Mombasa utakata okidi masika yakiwa yanaanza kumwaga, na kidonda kibichi kikinyeshewa kila siku kinaoza.

Kinachotakiwa ni hiki. Subiri ua limalize kuchanua. Halafu angalia chini ya fimbo mpya kabisa. Chipukizi likiwa na urefu wa vidole viwili hivi, na pembeni mwake vimeanza kutokeza vinundu vya kijani au vyeupe, hivyo ni vichwa vya mizizi mipya. Hiyo ndiyo saa yako. Ukikata sasa, mizizi hiyo inaingia moja kwa moja kwenye chungu kipya. Ukisubiri mpaka irefuke kidole kizima, itavunjika mkononi, kwa sababu mzizi mchanga wa okidi hauna unyumbufu wowote. Ukiugusa vibaya unakatika kama tango. Ukikata mapema mno, kabla haijaonekana, mmea unakaa wiki nyingi bila njia ya kunywa.

Kwa bahati hali hiyo hutokea mara nyingi kiangazi kinapoishia, kabla tu ya vuli au masika, na ikikaa chini ya paa lako unaamua wewe inywe lini. Kama okidi ni dhaifu, haijatoa chipukizi, lakini chungu kinanuka uozo, usingoje chochote. Hiyo ni dharura: itoe, isafishe, ihamishe nzima, na suala la kugawa uliweke kando.

Kisu kabla ya kitu kingine chochote

Hatua ambayo watu huiruka ndiyo inayoua okidi kimyakimya. Kuna virusi viwili vinavyosambaa katika okidi za kufugwa duniani kote, kimoja cha Cymbidium na kingine cha Odontoglossum, na vyote vinahama kwa utomvu. Kisu kilichokata mmea wenye virusi kinabeba utomvu huo hadi mmea unaofuata. Majani hutoka na michirizi au mabaka, maua hupauka, na tiba hakuna.

Kwa hiyo kila mmea na kisu chake safi. Njia rahisi ni wembe mpya: ukimaliza okidi moja unautupa. Mkasi wa kupogolea upitishe kwenye moto wa jiko la gesi mpaka upate moto sawasawa, uache upoe, ndipo ukate. Au uloweke dakika 10 kwenye Jik iliyochanganywa na maji, kipimo kimoja kwa tisa, kisha usuuze. Usiichanganye Jik na siki wala sabuni ya chooni. Mvuke wa mchanganyiko huo ni sumu. Meza itandike gazeti, na gazeti libadilishwe kila okidi inapobadilika.

Kuitoa

Mwagilia siku moja kabla. Siku yenyewe, iweke okidi pamoja na chungu chake kwenye beseni la maji ya kawaida kwa nusu saa mpaka saa nzima. Mzizi wa okidi umevaa ngozi nene ya chembe zilizokufa, nyeupe, inayonyonya maji kama sifongo. Ikiwa kavu ni ngumu na inapasuka. Ikilowa inabadilika rangi mbele ya macho yako, kutoka weupe wa chokaa kuwa kijani, na mzizi uliokuwa mkavu kama kijiti unakubali kupinda. Hakuna ujanja mwingine wa kufumua mizizi iliyosokotana unaouzidi huu.

Baada ya hapo minya chungu cha plastiki pande zote na ulaze mmea ubavu. Kama ni chungu cha udongo, pitisha kisu butu kati ya mizizi na ukuta, polepole, ukizunguka. Pale mzizi uliponata kabisa, vunja chungu. Chungu kinanunulika. Vigae vilivyobaki na mizizi juu yake viache vilevile. Utavipanda pamoja na mmea, na mzizi hautajua kilichotokea.

Vaa glovu. Bonge la mizizi lililokaa miaka mitatu nje ni nyumba ya watu wengine: sisimizi hawakosi, tandu anawezekana, na nge pia. Wengi watakuwa wamekimbia ulipozamisha chungu, ila si wote.

Sasa tumbukiza bonge lote ndani ya maji na ulitikise, mapande yaliyooza yatoke yenyewe. Tumia vidole, anzia chini ukielekea juu. Usilazimishe kila mzizi uachane na mwenzake. Mwenye hamu ya kufumua mpaka wa mwisho huvunja mizuri mingi kuliko kama angekata miwili mitatu inayomzuia.

Mizizi iliyokufa ikatwe, na kuijua ni rahisi. Minya mzizi. Mzima ni mgumu, umejaa, hata kama umebadilika rangi kwa kukaa gizani. Uliokufa unabonyea na kutoa maji, au ngozi yake inavulika na kukuachia uzi mwembamba mkononi. Rangi peke yake inadanganya: mzizi wa kahawia uliokuwa ndani ya makumbi ya nazi unaweza kuwa mzima kabisa.

Ukiwa hapo, chunguza mashina ya fimbo na chini ya maganda makavu yanayozifunika. Wadudu gamba na vidung'ata hujificha hapo. Wafute kwa pamba yenye spiriti.

Kukata

Usikate bado. Weka mmea mezani na uutazame. Tafuta shina la kulala, lifuate kwa kidole gumba kutoka fimbo ya zamani mpaka chipukizi jipya, na uhesabu. Kila kipande lazima kibaki na fimbo tatu, afadhali nne, zenye majani au angalau ngumu na kijani, pamoja na jicho au chipukizi hai mbele yake, na mizizi yake yenyewe. Fimbo mbili zinaweza kuishi, ila zitakula akiba yake yote kwa kuishi tu, na maua utayasahau kwa miaka.

Mara nyingi mmea wenyewe unaonyesha pa kupita. Shina la kulala likigawanyika matawi mawili yanayokwenda pande tofauti, mpaka wako uko kwenye panda hiyo. Kata mara moja, wima, bila kusokota. Kwenye okidi-chui utalazimika kupasua kapu la mizizi pia. Likate kwa msumeno mdogo au kisu chenye meno, kwa kufuata mstari uleule.

Halafu tazama uso wa kidonda. Nyama nyeupe au ya kijani hafifu ni nzuri. Ukiona mviringo wa zambarau au kahawia ndani ya shina, huo ni ukungu uliokwisha ingia, na hautoki kwa dawa ya kupaka juu. Rudi nyuma pingili moja, kata tena kwa wembe mwingine, mpaka upate nyama safi. Usipoipata, kipande hicho kitupwe, na wala kisiende kwenye shimo la mboji.

Kidonda cha shina kipakwe unga wa mdalasini, ule wa jikoni. Unakausha na kuzuia ukungu. Lakini unakausha kwelikweli, kwa hiyo usiumwagie mizizi: utaikausha nayo. Acha vipande kivulini penye upepo mpaka kesho yake.

Chungu na vya kuweka ndani

Udongo hapana. Samadi hapana. Okidi ya juu ya mti ikizikwa kwenye udongo wa bustani inakosa hewa, na ndani ya majuma mizizi inageuka uji. Inachotaka ni vipande vikubwa vyenye nafasi katikati, maji yapite na kuondoka.

Mkaa unafaa sana, uwe wa magogo na si ule wa kubumbwa, upondwe vipande vya ukubwa wa kidole gumba, na uoshwe vumbi lote. Changanya na vipande vya tofali au kokoto nyepesi za volkano kwa wanaoishi karibu na Arusha, Moshi au Naivasha. Walioko Mufindi na Njombe wana magome ya misindano tele kwenye mashamba ya miti, na hayo ndiyo wakuzaji wa Ulaya na Marekani wanayoyatumia zaidi. Pwani kuna makumbi ya nazi, na hapa lazima nionye. Makumbi yana chumvi yake ya asili, na yale yaliyofukiwa baharini kwa ajili ya kusokota kamba, kama wafanyavyo akina mama wa Unguja, yameshiba chumvi kabisa. Okidi haivumilii chumvi. Chukua makumbi makavu ambayo hayajafika baharini, yakate vipande, yaloweke siku kadhaa huku ukibadilisha maji kila siku mpaka yasitoe tena rangi ya chai.

Hilohilo linahusu maji ya kumwagilia. Maji ya visima vingi vya pwani ni ya chumvichumvi. Ukiona ukoko mweupe kwenye kingo za chungu cha zamani, umepata jibu la kwa nini ncha za mizizi zilikuwa nyeusi. Kinga maji ya mvua.

Chungu kiwe kidogo kuliko unavyofikiri. Kitoshe mizizi na nafasi ya fimbo za miaka miwili, basi. Chungu kikubwa hubaki na maji katikati ambako hakuna mzizi wa kuyanywa, na hapo uozo unaanza. Matundu yawe mengi, hata pembeni.

Unapopanda, fimbo kuukuu ziegemee ukingo wa chungu, chipukizi lielekee katikati, maana huko ndiko mmea unakokwenda. Shina la kulala likae juu ya mkaa, lisizikwe. Mizizi ndiyo inayoshuka. Jaza vipande polepole, ugonge chungu chini vijipange. Kisha shika fimbo moja na uinue kidogo. Mmea ukicheza, haujapandwa bado. Okidi inayoyumba kwa kila upepo inasaga ncha za mizizi yake kila siku, ndiyo maana nyingine hukaa mwaka mzima bila kushika. Ifunge kwenye kijiti.

Mwenye mwembe uani ana njia nzuri kuliko chungu chochote: kipande kimoja kifungwe kwenye panda ya tawi, upande unaopata jua la asubuhi. Tumia vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, au kamba ya katani, ambayo itaoza yenyewe wakati mizizi imekwisha shika gome. Waya unakata mizizi, usiutumie.

Miezi miwili ya kuvumilia

Weka vyungu kivulini penye mwanga. Kwa wiki nzima ya kwanza nyunyizia tu ukungu wa maji asubuhi, juu ya majani na uso wa mkaa. Majani yatalegea kidogo na fimbo zitakunjamana. Usiogope na usimwage maji ukidhani ni kiu, kwa sababu mizizi iliyojeruhiwa haiwezi kuyanywa. Baada ya hapo mwagilia, acha ikauke, mwagilia tena. Mbolea ingoje mpaka uone mizizi mipya inatambaa, nayo ianze kwa robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Kisha isogeze okidi kidogokidogo kwenye mwanga mkali, kwa kuwa okidi-chui isiyoona jua la kutosha hutoa majani tu.

Fimbo kuukuu zisizo na majani ulizobaki nazo usizitupe kama bado ni ngumu. Zilaze juu ya makumbi yenye unyevu ndani ya kopo, mahali penye kivuli. Baadhi zitatoa jicho jipya baada ya miezi kadhaa. Itachukua miaka kuchanua, lakini hizo ndizo za kumpa jirani mwenye subira.

Na kama anayeomba ni ndugu aliyeko Muscat, London au Toronto, usimfungie kipande kwenye begi. Okidi zote zimo kwenye CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini uliosainiwa Washington mwaka 1973, hata zile za chungu cha barazani, na kuzivusha mpaka kunataka kibali chake pamoja na cheti cha afya ya mmea. Cheti hicho Kenya hutolewa na KEPHIS, na Tanzania na TPHPA. Anza kufuatilia kabla hujakata, maana kipande kibichi hakiwezi kusubiri foleni ya ofisi. Wala usikubali okidi-chui inayouzwa kando ya barabara ikiwa na gome la mti bado limeng'ang'ania mizizini: hiyo imebanduliwa porini, na mara nyingi hufa ndani ya mwaka. Nunua iliyozalishwa kitaluni, au subiri ya jirani ijaze chungu.